Kamati ya Kulinganisha Maganda

Kwa mamlaka iliyopewa Ofisi Kuu ya Mabaki, na baada ya vikao saba vya kuandaa vikao, umma ulitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna ganda la kiazi, ukoko wa wali wala jani la kabichi litakaloruhusiwa kuoza kiholela. Kila kitakachooza kitaoza kwa utaratibu, mbele ya mashahidi, na uozo wake utalinganishwa na uozo wa wenzake.

Tangazo lilibandikwa getini, kwenye lifti mbovu na kwenye mlango wa choo cha wakubwa. Wafanyakazi walilisoma wakatikisa vichwa, maana jambo lilikuwa zito. Na lilikuwa zito kweli, ndugu msomaji, usianze kucheka. Chakula kinachotupwa hakiondoki duniani kwa sababu tu wewe umefunga mfuko na kupiga mluzi. Kikifukiwa jalalani kinatoa gesi inayozidi kuipasha dunia joto. Kikichomwa kinataka mafuta, maana maganda mabichi hayashiki moto kwa kubembelezwa. Lazima mtu aulize njia ipi inaharibu kidogo na ipi inaharibu sana. Swali la maana kabisa, na kwa kuwa lilikuwa la maana, liliundiwa kamati.

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, ukumbi wenye viyoyozi vinne, na njia nne za kulinganisha. Njia ya Kwanza ni kumwaga mabaki jalalani na kuyafukia. Njia ya Pili ni kuyachoma kwenye tanuri jipya nje ya mji, lililokatiwa utepe na Waziri mwenyewe. Njia ya Tatu ni kuyarundika pamoja na majani makavu mpaka yawe mbolea. Njia ya Nne ni kuyatia kwenye tangi lililofunikwa, yaoze bila hewa, gesi yake ipikie na maji yake yaende bustanini. Njia tatu za mwanzo zilikuwa na mabango, maofisa na mihuri. Njia ya Nne ilikuwa na Shangazi.

Shangazi alikuwa mpishi wa kantini ya Ofisi Kuu. Kwa damu alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu pale kazini, lakini jina lilimganda, na kila mtu alimwita hivyo, kuanzia mfagiaji hadi Mkurugenzi. Kwa miaka kumi na tisa alipikia mkaa, macho mekundu, kifua kinakoroma mpaka mtu wa meza ya mwisho anamsikia. Kisha fundi bomba mmoja aliyekuwa akila kwake akamuunganishia tangi jeusi la maji, mipira miwili na jiko la chuma, nyuma ya jiko lake, kwenye kivuli cha ukuta. Maganda yakaingia huku, moto ukatokea kule. Tangu hapo, miaka minne, Shangazi hakuwa amekohoa hata kwa kusingizia.

Yule mtu mmoja wa damu yake alikuwa karani wa vipimo, na ofisi nzima ilimwita Mizani. Shangazi alimchukua akiwa na miaka sita, wazazi wake walipofariki, akamlea, akamsomesha, akamwombea kazi kwa kumlisha vizuri ofisa ajira. Mizani alikuwa na kalamu tatu mfukoni: nyeusi ya kuandikia, bluu ya kujumlishia, na nyekundu ya kusahihishia makosa. Ile nyekundu ilikuwa bado mpya. Nyumbani alipima majani ya chai kabla ya kuyatia kwenye birika, na mkewe alishazoea, isipokuwa siku wageni wakiwepo. Aliiamini Kamati kwa moyo wote. Aliamini kwamba ukipima kitu sawasawa na kukiandika mahali pake, dunia inakaa vizuri.

Sasa, Mkurugenzi naye alikuwa na shida yake, na shida ya mkubwa si ndogo. Ofisi Kuu nzima ilikuwa na kivuli kimoja tu cha kutosha gari, na ndani ya kivuli hicho lilikaa tangi la Shangazi. Gari la Mkurugenzi lilikaa juani. Kila saa kumi jioni kiti chake kilimpokea kwa namna ambayo haifai kumpokea mtu wa cheo chake. Alishaliandikia tangi barua tatu za kulitaka lihame. Tangi halikujibu, na kwenye faili likaandikwa kuwa ni kaidi.

Kwa hiyo aliposhika kalamu kuandika Agizo la Kamati, aliliandika kwa uangalifu mkubwa. Agizo lilisema hivi: njia itakayoshika mkia ifungwe ndani ya siku saba, eneo na vifaa vyake vikabidhiwe njia itakayoshika namba moja, na watumishi wake wahamishiwe huko huko. Waziri alilisaini kabla utafiti haujaanza, kwa sababu Waziri husaini siku za Jumatano na ile ilikuwa Jumatano. Hesabu ya Mkurugenzi ilikuwa safi. Tanuri litashika namba moja, maana nani atalishusha tanuri lililokatiwa utepe na Waziri. Tangi litashika mkia. Kivuli cha tangi kitakabidhiwa tanuri. Na gari la Mkurugenzi, kwa sababu za kiutawala, lilikuwa limeandikishwa kama gari la tanuri.

Siku ya tangazo Mizani alipita kantini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa ule kwanza, hizo karatasi hazikimbii." Shangazi alimpakulia wali na maharage. "Nasikia tangi langu limeingizwa kwenye mashindano."

"Si mashindano, Shangazi. Ni ulinganisho wa kitaalamu."

"Na atakayeshindwa anafanywaje?"

"Anafungwa."

"Basi ni mashindano, baba." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Tangi hilo likiondoka narudi kwenye mkaa. Mimi na mkaa tulishaachana. Nikirudi kwake safari hii hanibakizi."

Mizani alitafuna polepole. "Litapimwa kwa haki."

"Nani anapima?"

"Mimi."

"Na nani anasoma ulichopima?"

Mizani akasema maharage yameiva vizuri.

Utafiti ulianza kwa kikwazo. Kanuni ya Tatu ilitaka kila njia ipewe sampuli sawa, kilo hamsini kwa siku, jumla kilo mia mbili. Mizani alizunguka Ofisi Kuu nzima na ndoo na akarudi na kilo nane. Shangazi hakuwa mtu wa kubakiza. Alipika chakula cha watu waliopo, na waliopo walikula. Maganda, mashina ya kabichi na makapi ya chai, basi.

Wajumbe walikaa kikao cha dharura. Walilaani tabia ya baadhi ya watumishi kumaliza chakula chao bila kufikiria maslahi mapana ya utafiti. Kisha likapitishwa azimio: Kamati itazalisha mabaki yenyewe. Chakula cha mchana cha watu mia nne kitaagizwa hotelini kila siku kwa ajili ya wajumbe kumi na mmoja. Mizani alipiga hesabu kwa kalamu ya bluu na kuwajulisha kwamba kila mjumbe atawajibika kubakiza kilo kumi na saba na ushee, yaani zaidi ya uzito wa mtoto wa miaka minne.

"Tutajitahidi," alisema Mkurugenzi kwa unyenyekevu.

Na walijitahidi, lazima tuseme ukweli. Masinia yaliingia ukumbini saa saba yakatoka saa nane yakiwa yameguswa pembeni tu. Mjumbe mmoja mwenye njaa ya asili alikutwa amemaliza sahani ya kuku, akapewa onyo la maandishi.

Shangazi alikuja mpaka mlangoni, akatazama yale masinia yakimwagwa kwenye ndoo.

"Mnapika ili mtupe?" aliuliza.

"Tunazalisha sampuli, Shangazi," alisema Mkurugenzi. "Utaalamu huo."

"Mimi sikusoma sana."

"Ndiyo maana tupo sisi."

Shangazi alirudi jikoni kwake. Siku hiyo, mtu aliyeomba aongezewe wali aliongezewa mara mbili.

Kisha kulikuwa na suala la mashahidi. Kanuni ilitaka wajumbe wote washuhudie kila njia kila siku, na heshima ilitaka kila mjumbe aende kwa gari lake. Basi kila asubuhi magari kumi na moja yalifuatana kwenda jalalani kushuhudia kilo hamsini zikifukiwa. Kutoka hapo yalifuatana kwenda kwenye tanuri, ambako wali uliolowa maji ulikataa kuungua mpaka umwagiwe dizeli lita thelathini, na wajumbe walipiga picha mbele ya moshi. Kutoka hapo kwenye rundo la mbolea, ambalo halikufanya lolote la kuonekana, ikabidi warudi kesho yake kuhakikisha. Mwisho wa yote walirudi ukumbini, jenereta likawashwa, madirisha yakafungwa ili kuzuia harufu, viyoyozi vikawashwa kwa sababu madirisha yamefungwa, na maji ya chupa yakagawiwa kwa sababu kujadili mabaki kunakausha koo.

Mizani aliandika yote. Lita za kila gari, saa za jenereta, katoni za maji, vijiti vya kuchokolea meno. Kalamu nyeusi iliisha wino siku ya sita akafungua nyingine.

Harufu nayo ilikuwa na kamati ndogo yake ya watu watatu. Wa kwanza alikuwa na mafua muda wote wa utafiti. Wa pili alijipaka manukato kiasi kwamba hakuna harufu nyingine iliyompata. Wa tatu, mwenyekiti, aliandika kwamba harufu ya tanuri ni ya kimaendeleo na harufu ya tangi ni ya kienyeji. Mizani aliuliza kipimo chake ni nini. Mwenyekiti akajigusa pua.

Jambo lililoleta kizaazaa lilitokea siku ya saba. Tangi la Shangazi lilizoea kula kilo nane kwa siku, na sasa lilikuwa likishindiliwa hamsini. Shangazi alikuwa amewaonya tangu siku ya kwanza.

"Hili lina tumbo kama mtu," alisema. "Mkilijaza hivi litavimbiwa."

"Usawa ni usawa," alijibu Mkurugenzi. "Hatuwezi kulipendelea."

Siku ya saba tangi likavimbiwa. Asubuhi Shangazi alifungua jiko, akawasha kiberiti, na jiko likatoa pumzi moja ya kukata tamaa. Hakukuwa na gesi. Siku ya nane vivyo hivyo. Wafanyakazi mia moja na thelathini wanataka kula, na kwa Shangazi hakuna siku watu watarudi na matumbo matupu. Akatoa jiko lake la zamani stoo, akaagiza gunia la mkaa.

Mizani alipokwenda kupima siku ya tisa alimsikia kabla hajamwona. Kikohozi kile kile cha utotoni mwake, kikavu, cha kurudiarudia, kilichokuwa kikimwamsha alfajiri akiwa kitandani na kumwambia kuwa uji unakaribia kuiva. Alisimama mlangoni na daftari lake. Shangazi alikuwa ameinama anapepea makaa kwa kipande cha boksi, machozi yanamtiririka, na si ya huzuni, ni ya moshi.

"Shangazi."

"Pima tu, baba. Usinijali."

Alipima. Mkaa kilo ishirini na mbili. Akafungua daftari, akashika kalamu, na hapo mkono ukagoma. Mkaa huu unaandikwa chini ya njia ipi? Kanuni ya Tisa ilisema kila kilichotumika kwa ajili ya njia fulani kiandikwe chini ya njia hiyo. Tangi halitumii mkaa. Miaka minne halijawahi kutumia mkaa. Mkaa umetumika kwa sababu tangi limeshindiliwa, na tangi limeshindiliwa kwa sababu linalinganishwa.

Shangazi alimwangalia akiwa ameduwaa na kalamu hewani. "Wewe ndiye mwenye daftari," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanangu, huwezi kunisaidia hata kidogo?"

Mizani aliinamisha kichwa. Ilimuuma, lakini alisema. "Siwezi kuongeza wala kupunguza, Shangazi. Mizani haijui shangazi ni nani."

Shangazi alikohoa, akapepea makaa. Halafu akasema, "Sawa. Basi na mkurugenzi isimjue."

Maneno hayo Mizani aliondoka nayo. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akaanza kuuliza swali lile lile kwa kila mstari. Magari kumi na moja ya kwenda jalalani yalitumika kwa ajili ya jalala? Hapana, jalala lina lori lake moja, na lingekwenda hata pasipo mashahidi. Jenereta la ukumbini? Viyoyozi? Chakula cha watu mia nne? Hakuna njia hata moja iliyoviomba. Kufika jioni alikuwa na kurasa arobaini za vitu visivyo na mwenyewe.

Aliandika dokezo, kama inavyotakiwa, akalipeleka kwa Mkurugenzi. Dokezo liliomba mwongozo: vitu vilivyotumika kwa ajili ya kulinganisha, na si kwa ajili ya njia yoyote, viandikwe wapi?

Mkurugenzi alikuwa kwenye simu anazungumza na fundi wa kuchora mistari ya maegesho. Aliliona jina la Mizani juu ya dokezo, akaguna, akaandika chini yake: *Kama hakina njia, kipewe njia. Usinisumbue tena kwa mambo madogo.* Akasaini, akagonga muhuri, akaweka tarehe.

"Na tangi, mheshimiwa?" aliuliza Mizani. "Limesimama. Kuanzia kesho liendelee na kilo hamsini?"

Mkurugenzi alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Limeshindwa lenyewe, sisi hatukuligusa. Lipe hizo nane zake, tusije tukaonekana tunaua mgonjwa. Ushahidi wa udhaifu wake si upo?"

"Upo, mheshimiwa. Nimeuandika."

"Vizuri sana."

Mizani alikuwa mtumishi mtiifu. Aliambiwa kipewe njia, akakipa njia. Alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula, akaandika: Njia ya Tano, Kulinganisha.

Tangi lilipumzishwa, likapata nafuu, na baada ya siku chache moto wa bluu ukarudi jikoni. Kikohozi cha Shangazi kilichelewa zaidi kuondoka.

Siku ya ishirini na tatu utafiti ulifungwa na ripoti ikaandikwa. Hapa inabidi nieleze Utaratibu wa Bahasha, maana wageni huwa hawauelewi. Kwenye Ofisi Kuu ya Mabaki hakuna anayesoma ripoti kabla haijazinduliwa. Mwaka uliotangulia ripoti moja ilisomwa mapema, watu wakagundua makosa, makosa yakarekebishwa, na uzinduzi ukachelewa miezi mitano. Mkurugenzi alikasirika, akatunga utaratibu mwenyewe: karani anaandika, anaifunga kwenye bahasha kwa lakiri, na bahasha inafunguliwa jukwaani na Mkurugenzi, ambaye anaisoma yote, kuanzia namba moja hadi mkia, bila kuruka.

Asubuhi ya uzinduzi alimvuta Mizani pembeni.

"Mambo yamekaaje humo ndani?"

"Bahasha imefungwa, mheshimiwa. Utaratibu."

Mkurugenzi alimpigapiga begani. "Kumbe unajifunza." Nje, nyuma ya kantini, fundi alikuwa ameshachora mstari mweupe wa kwanza pembeni ya tangi.

Uzinduzi ulifanyika ukumbini mwa Kamati. Waziri alifika na msafara wa magari tisa na pikipiki mbili. Viti vilivalishwa vitambaa, waandishi wa habari wakapewa maji, na wafanyakazi walisimama nyuma. Shangazi alisimama nao, karibu na mlango, mikono kaikunja ndani ya kanga. Alikuwa ameshazifunga sufuria zake mbili za binafsi kwenye fuko, ili akiambiwa asije akahangaika mbele za watu.

Mkurugenzi alivunja lakiri, akasafisha koo.

"Namba moja, njia yenye madhara madogo kuliko zote," alisoma kwa sauti ya jukwaani, "ni Njia ya Nne, yaani tangi la kantini."

Aliitazama karatasi kama mtu aliyekuta viatu vya mwenzake mlangoni pa chumba chake. Nyuma mtu alianza kupiga makofi akagundua yuko peke yake. Lakini Utaratibu ulisema bila kuruka, na Waziri alikuwa akitikisa kichwa kumruhusu aendelee.

"Namba mbili, mbolea. Namba tatu..." hapa sauti ilimpungua, "...tanuri. Kwa sababu ya dizeli. Namba nne, jalala, kwa sababu ya gesi inayotoka ardhini." Akavuta pumzi. Mkia ulikuwa umeangukia jalala, na jalala halina kivuli wala mtetezi. Si alilotaka, lakini hakuna aliyeumia. Akakunja karatasi.

"Kuna ukurasa nyuma, mheshimiwa," alisema Mizani kutoka kwenye kiti chake.

Mkurugenzi akageuza. "Namba tano," alisoma, na kwa kuwa ulimi ulishazoea jukwaa, uliendelea kabla akili haijaushika, "njia yenye madhara makubwa kuliko zote kwa pamoja. Dizeli ya magari lita elfu nne mia tano hamsini na nne. Saa za jenereta mia moja themanini na nne. Chakula kilichopikwa ili kibaki, kilo elfu tatu mia nane na sabini. Chupa za maji, elfu mbili na mia tatu. Mkaa wa kantini wakati tangi limevimbishwa, kilo themanini na nane. Siku za kikohozi cha mpishi, kumi na mbili." Akafika kwenye jina, akasita, akalisoma kwa kunong'ona. "Kulinganisha."

Viyoyozi vinne vilisikika kila kimoja peke yake.

"Mkurugenzi," alisema Waziri, "mimi nilisaini njia nne. Hii ya tano nani kaileta?"

Mizani alisimama, akapeleka dokezo mezani. Waziri alilisoma taratibu. *Kama hakina njia, kipewe njia.*

"Saini hii ni yako?"

"Inafanana na yangu, mheshimiwa."

"Inafanana sana," alisema Waziri.

Waziri hakufika pale alipo kwa kuchelewa kujua upepo unavuma wapi. Kamera zilikuwa zinamtazama na Agizo lililokuwa mezani lilikuwa na saini yake. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema kwamba tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na njia hii ya kulinganisha, na kwamba Agizo litatekelezwa neno kwa neno: ifungwe ndani ya siku saba, eneo na vifaa vikabidhiwe tangi, watumishi wahamishiwe huko huko. Makofi safari hii yalitoka nyuma, kwa wafanyakazi, na hayakuwa ya mtu mmoja.

Akiwa anashuka jukwaani alimwona Mizani bado anaandika.

"Unaandika nini tena, kijana?"

"Msafara wako, mheshimiwa Waziri. Magari tisa, pikipiki mbili. Hafla hii imefanyika kwa ajili ya kulinganisha, kwa hiyo inaingia kwenye njia ya tano. Jina la mwenye msafara niliandike kwa kirefu?"

Waziri alimtazama, akatazama kamera, akasema siku hizi madaktari wanasisitiza mazoezi. Alitoka kwa miguu mpaka getini huku anawapungia watu mkono, na magari yakabaki uani injini zimezimwa. Yalikuja kuchukuliwa moja moja wiki iliyofuata, kimya kimya.

Shangazi alimfuata Mizani koridoni. Alimshika mkono, akamtengeneza kola ya shati ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Umeniokoa, baba."

"Sikukuokoa, Shangazi. Nilipima tu."

"Najua. Ungeniokoa kwa njia nyingine wangekugeuzia kibao." Akajifuta macho, na safari hii haukuwa moshi.

Siku saba zilitimia. Viyoyozi vinne viling'olewa, madirisha yakafunguliwa, na ndani ya ukumbi wa Kamati yakaingia matangi mawili mapya na meza ndefu ya kukatia maganda. Meza hiyo ndiyo ile ile iliyozungukwa na wajumbe, na ilionekana kupendeza zaidi. Gari la Mkurugenzi, kwa kuwa kwenye vitabu lilikuwa gari la tanuri, lilipelekwa kwenye tanuri, ambako hakuna kivuli kabisa.

Mkurugenzi mwenyewe aliripoti Jumatatu saa mbili kamili, kwa miguu, na barua ya uhamisho mkononi. Aliuliza ofisi yake ni ipi. Shangazi alimpa kisu na ndoo.

"Kata vidogo vidogo, mheshimiwa. Vikubwa vinalivimbisha."

Alikata. Mwanzoni alikata kama anasaini, kwa madaha, lakini kufika saa tano mkono ulishakubali. Wajumbe wengine kumi walikuwa kwenye meza hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu wateuliwe kikao chao kilikuwa na kazi ndani yake.

Saa saba wakapewa chakula, wali na maharage, kila mmoja sahani yake. Mkurugenzi alikula vijiko vinne, akajisahau, akaisukuma sahani mbele kwa kidole kama alivyozoea kwenye enzi za sampuli. Mizani, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya mabaki na mizani yake, akafungua daftari.

Shangazi alikuja akasimama nyuma ya kiti. Aliitazama ile sahani, kisha akaisogeza taratibu mpaka ikarudi chini ya kidevu cha mwenyewe.

"Mheshimiwa," alisema, "maliza chakula chako."

Meza nzima ilikuwa inatazama. Mkurugenzi alishika kijiko akamaliza, punje kwa punje, mpaka ua lililochorwa katikati ya sahani likaonekana lote. Mizani alisubiri amalize, akaiweka sahani juu ya mizani, akatoa uzito wa sahani, na akaandika kwa kalamu nyeusi kwamba mabaki hakuna.